Beryl Markham: Mnoa farasi wa Derby aliyetua usiku Nungwe

KILA Simba na Yanga zinapokutana, nchi nzima inatamka maneno mawili: Dabi ya Kariakoo. Mashabiki wachache wanajua kwamba yote mawili yana undugu na farasi.

Derby, kabla halijawa neno la soka, ni jina la mbio za farasi za Epsom, Uingereza, zilizoanza mwaka 1780 na kupewa jina la bwana mkubwa mmoja wa huko, Earl wa Derby. Kariakoo nayo ni Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Vita ya Kwanza ya Dunia, Waafrika waliobebeshwa mizigo ya jeshi la Waingereza na ambao maelfu kwa maelfu hawakurudi makwao. Dar es Salaam walipiga kambi pale tunapopaita Kariakoo. Nairobi nako walikuwa na kambi yao, Wakenya wakapaita Kariokor. Na ni upande huo huo wa Nairobi, kuelekea Eastleigh, farasi wa Kenya walikuwa wakishindana miaka ya mwanzo kabisa.

Katika mbio za mji huo ndipo lilipotoka jina la Beryl Markham. Mwanamama huyu alinoa farasi waliotwaa Derby ya Kenya mara 6. Aliivuka Bahari ya Atlantiki peke yake kwa ndege. Na watu wa Kanda ya Ziwa wana sababu yao ya kumkumbuka, kwa kuwa usiku mmoja wa Juni 1935 alitua Nungwe, kando ya Ziwa Victoria, magharibi ya Mwanza, akiwa na chupa ya oksijeni ya kumwokoa mtu.

BINTI WA NJORO

Beryl alizaliwa Oktoba 26, 1902, kijiji cha Ashwell, Uingereza, akiitwa Beryl Clutterbuck. Baba yake, Charles Clutterbuck, alikuwa mtu wa farasi. Alihamia Kenya akapata shamba Njoro, karibu na Nakuru, familia ikamfuata. Maisha ya porini yakamshinda mama. Akarudi Uingereza na mtoto wa kiume, binti akabaki na baba.

Kwa hiyo Beryl akalelewa na shamba zima. Rafiki zake walikuwa watoto wa jamii ambazo leo zinaitwa Wakalenjin, watu wale wale ambao vizazi vyao vimeipa Kenya medali za mbio ndefu. Alicheza nao, akakimbia nao, akajifunza kurusha mkuki na kuwinda nao miguu mitupu. Kiswahili kilikuwa lugha yake ya kila siku tangu akiwa mdogo.

Kati ya watoto hao alikuwapo Kibii, mtoto wa mwindaji aitwaye arap Maina. Kibii alipokua na kupita jando akawa arap Ruta. Jina hilo lishikwe vizuri, kwa sababu bila yeye habari hii ina upande mmoja tu.

Baba alikuwa na mazizi makubwa na Beryl alikulia humo. Alijua kuzalisha farasi jike, kupima joto la mguu kwa kiganja, kumtuliza dume mkorofi. Shule hakuipenda na shule haikumpenda. Darasa lake lilikuwa zizini saa 12 asubuhi, farasi wanapotoka kwenda mazoezini.

Kisha ukaja ukame. Baba alikuwa ameingia mikataba ya kuuza unga kwa bei iliyokwisha kupangwa, mahindi na ngano vikapanda bei, akalazimika kununua ghali na kuuza kwa hasara. Shamba likaenda. Mzee akaamua kwenda Peru kuanza upya. Beryl akabaki Kenya na farasi wake Pegasus, akaelekea Molo kutafuta maisha.

Akiwa na miaka 18 hivi alipata leseni ya kunoa farasi wa mashindano. Hakuna mwanamke aliyewahi kuipata Kenya kabla yake.

KAZI YA MNOA FARASI

Kwa mtu wa mpira, mnoa farasi ni kocha, mtaalamu wa viungo, daktari na meneja ndani ya mtu mmoja. Ndiye anayeamua farasi akimbie umbali gani asubuhi, ale nini, apumzike lini, na aingizwe kwenye mbio zipi. Juu ya farasi anakaa joki, huyo ni kama straika, anamalizia kazi iliyoandaliwa na wengine. Nyuma yao yupo saisi, anayelala jirani na farasi, anayemsugua, anayemlisha, na anayekuwa wa kwanza kujua kama leo mnyama hayuko sawa.

Katika Kenya ya ukoloni wenye farasi walikuwa walowezi. Masaisi walikuwa Waafrika. Kombe lilikwenda kwa mwenye farasi, sifa kwa mnoa farasi na joki. Saisi aliishia na mshahara wake mdogo. Arap Ruta alikuwa mkono wa kulia wa Beryl katika kazi hii, kiongozi wa mazizi yake, mtu aliyewajua farasi hao kama alivyojijua mwenyewe. Jina lake halikuandikwa kwenye kombe lolote.

Mbio zenyewe zilikuwa na chombo chake. Reli ilifika Nairobi mwaka 1899, na kufikia 1903 walowezi walikuwa wameshaunda East African Turf Club, klabu ambayo baadaye ikawa Jockey Club of Kenya. Mji haukuwa na miaka mitano, nusu yake mabati na matope, lakini klabu ya mbio za farasi ilikuwapo. Uwanja huo wa zamani umeshamezwa na mji. Kilichobaki ni jina la barabara, Race Course Road, ambalo wenye matatu wanalipita kila siku.

Nakuru nako kulikuwa na uwanja wake, jukwaa likiwa limejengwa kwa mbao. Beryl aliwahi kufanya makazi chini ya jukwaa hilo, farasi upande huu na kitanda chake upande ule. Ndipo alipokuwa wakati linakuja pambano lililomtangaza.

WRACK NA WISE CHILD

Ilikuwa St Leger ya mwaka 1926. Hizi ni mbio za farasi wa miaka 3, maana yake farasi anapata nafasi moja tu maishani. Akikosa mwaka huo, basi. Umbali ni maili moja na robo tatu, kama mita 2,800. Shabiki akitaka kupata picha, azunguke njia ya riadha ya mita 400 mara 7 bila kupumzika, tena akiwa na mtu mgongoni.

Beryl alikuwa na mashine. Farasi dume aitwaye Wrack, mwenye kasi na nguvu, ambaye kila mtu alimpa ubingwa kabla ya siku. Alimnoa kwa miezi mingi. Zikiwa zimebaki wiki 12 tu, mwenye farasi akabadili mawazo. Aliona pambano kubwa kama hilo halifai kuachiwa msichana, akamchukua Wrack na kumpeleka kwa mnoa farasi mwingine mwenye jina.

Kila kocha anajua maumivu hayo. Unajenga kikosi tangu maandalizi ya msimu, fainali ikikaribia unaonyeshwa mlango.

Mtu mwingine akajitokeza na farasi wake, jike aitwaye Wise Child. Alikuwa na damu nzuri na moyo mkubwa, ila miguu ilikuwa imeharibika. Kano za miguu ya mbele zilikuwa zimeumizwa na mazoezi ya kupitiliza huko alikotoka. Ukimkimbiza kwenye ardhi ngumu, anavunjika. Usipomkimbiza, hapati pumzi ya maili moja na robo tatu.

Beryl na arap Ruta wakatafuta njia. Wakamtoa kwenye njia ngumu ya uwanja wakampeleka ufukweni mwa Ziwa Nakuru, kwenye udongo laini wenye unyevu unaobonyea chini ya kwato. Huko akawa anakimbia asubuhi, heroe wakiruka makundi kwa makundi mbele yake. Wiki zikapita, pumzi ikaja, na kano zikashikilia. Zikashikilia tu, hazikupona.

Siku yenyewe Nairobi ilijaa. Wise Child alipandwa na Sonny Bumpus, kijana ambaye Beryl alimfahamu tangu utotoni. Wrack alionekana mzuri zaidi, mrefu zaidi, mwenye kujiamini. Mbio zilipoanza kila kitu kilikwenda kama wengi walivyotabiri, Wrack akiwa mbele na kundi likimfukuza.

Bumpus alisubiri. Alimwachia Wise Child taratibu hadi wakaingia njia ya mwisho inayoelekea kwenye majukwaa. Hapo jike akamfikia dume, wakawa bega kwa bega, halafu miguu ikaanza kukubali kushindwa. Beryl, aliyezijua kano zile kama kiganja chake, aliona hatua zikibadilika, akajua mnyama anakimbia kwa moyo peke yake. Wise Child akamaliza wa kwanza.

Lakini ushindi huo ulikuwa na bei. Wise Child alitoa kano zake zote siku ile, na Beryl alilijua hilo tangu wiki ya kwanza pale ufukweni. Mtu anaweza kuuliza kama ilikuwa haki kumwingiza. Kwenye soka swali hilo lipo hadi leo, kila mchezaji anapochomwa sindano ya ganzi ili acheze fainali. Tofauti ni kwamba mchezaji anaweza kukataa.

USIKU WA NUNGWE

Mwishoni mwa miaka ya 1920 ndege zilianza kuzoeleka Afrika Mashariki, na Beryl, ambaye sasa alikuwa na jina la mume wake wa pili, Mansfield Markham, akapata ugonjwa mpya. Alifundishwa kuruka na Tom Campbell Black, rubani mahiri wa Nairobi. Mwaka 1933 akawa na leseni ya biashara, mwanamke wa kwanza kuipata Kenya. Arap Ruta naye alihama naye. Aliyekuwa akisugua farasi sasa akawa anahudumia ndege.

Kazi yenyewe ilikuwa kubeba barua, abiria, dawa, na kuwatafutia matajiri wawindaji tembo kutoka angani.

Juni 1935 ukaja ujumbe kutoka Nungwe. Si Nungwi ya Zanzibar, ni Nungwe ya ziwani, kwenye ghuba iliyo mkoani Geita leo. Kipindi hicho watu walikuwa wanachimba dhahabu katika eneo hilo. Kulikuwa na mchimbaji mgonjwa, mapafu yamechoka, na daktari alihitaji oksijeni haraka. Barabara ya maana haikuwapo. Hakukuwa na daraja la Kigongo-Busisi, na kutoka Nairobi kwa njia ya ardhi zingekwisha siku kadhaa.

Beryl aliondoka Nairobi usiku na ndege yake ndogo, Avro Avian. Hakuwa na redio wala taa za kumwongoza njiani. Alikuwa na dira, saa na kumbukumbu. Chini yake giza tupu, Bonde la Ufa, kisha tambarare za Serengeti, zaidi ya kilomita 500 hadi ziwani. Injini ikizimika, hakuna wa kumwona.

Baada ya muda wa karibu saa nne aliona moto. Watu wa kambi walikuwa wamewasha miali kuonyesha kipande cha ardhi kilichosafishwa, ndicho kiwanja. Akashuka, akakabidhi chupa kwa daktari. Kukicha akageuza kurudi, na njiani akaitafuta ndege ya rubani mwingine aliyepotea Serengeti siku kadhaa. Akamkuta hai.

Leo mashabiki wa Geita Gold wanajivunia dhahabu iliyo kwenye jina la timu yao. Wasafiri wa kwenda Kirumba kutazama mechi wanapita eneo lile bila kuwaza kwamba kuna usiku ambao uhai wa mtu ulitegemea moto wa kuni na macho ya mnoa farasi.

ATLANTIKI

Mwaka mmoja baadaye, Septemba 4, 1936, aliondoka Abingdon, Uingereza, akielekea magharibi. Ndege aliazimwa na tajiri mmoja wa Kenya, aina ya Vega Gull, matangi ya mafuta yakiwa yamejazwa hadi kwenye nafasi za abiria.

Kuvuka Atlantiki kutoka Ulaya kwenda Amerika ni kucheza dhidi ya upepo dakika zote 90 na za nyongeza. Amelia Earhart wa Marekani alishavuka peke yake mwaka 1932, ila yeye alitokea upande wa Amerika, upepo ukimsukuma. Beryl alikwenda kinyume chake. Alikaa angani zaidi ya saa 20, sehemu kubwa ikiwa giza na mvua, hadi mafuta yalipokataa kufika kwenye injini kwa sababu ya barafu. Ndege ikaangukia kwenye tope la Cape Breton, Nova Scotia, nchini Canada, pua ikazama. Akatoka na jeraha la kichwa. Alikusudia kufika New York na hakufika, lakini alikuwa mwanamke wa kwanza kuvuka peke yake kutoka Uingereza hadi Amerika Kaskazini bila kutua. New York wakampokea kwa shangwe. Wiki mbili tu baadaye, Campbell Black, mwalimu wake, akafa katika ajali uwanjani huko Liverpool.

Mwaka 1942 alitoa kitabu cha maisha yake, West with the Night. Wakosoaji walikisifu. Ilikuwa vita, watu wakakisahau, kikapotea madukani.

NGONG ROAD

Karibu na mwaka 1950 Beryl alirudi Kenya. Alikuwa anaelekea miaka 50 na mfukoni hakuwa na kitu. Akarudi kwenye kazi anayoijua.

Wakati huo mbio za farasi nazo zilikuwa zinahama. Mwaka 1954 uwanja mpya ulifunguliwa Ngong Road, ndio unaotumika hadi sasa. Upo kando ya Msitu wa Ngong, nje kidogo ya pilikapilika za katikati ya mji. Njia ni ya nyasi, ina umbo la yai, imezungushiwa vizuizi vyeupe. Mbele ya majukwaa ndipo penye mstari wa kumalizia, kwa hiyo mtazamaji anawaona farasi wakipotea upande wa pili, wakigeuka kona, kisha wakija usoni kwake kwa kasi ya mwisho. Kuna mduara mdogo ambako farasi hutembezwa kabla ya mbio ili watu wawakague na kuamua wa kumwekea pesa. Kuna mizani ya kuwapima majoki kabla na baada, kwa kuwa uzito ukipungua ushindi unafutwa. Katikati ya njia, panapoweza kuenea viwanja kadhaa vya mpira, siku hizi watu wanacheza gofu.

Hapo ndipo Beryl alipotawala. Mwisho wa miaka ya 1950 na miaka ya 1960 farasi wake walikuwa gumzo. Derby ya Kenya, mita 2,400 zinazotafutwa na kila mwenye farasi, aliichukua mara 6 katika maisha yake. Alikuwa mkali, msumbufu, mgomvi wa pesa, na aliyeweza kugombana na joki asubuhi kisha akamfanya bingwa jioni. Lakini waliofanya naye kazi walikubaliana kwamba alimsoma farasi kuliko mtu yeyote.

Katikati ya miaka ya 1960 alijaribu bahati Afrika Kusini. Mambo hayakwenda. Akarudi Kenya, akaendelea, ila ushindi ukawa wa kubahatisha na fedha zikakauka.

UZEE WA BINGWA

Sehemu iliyobaki wapenzi wa soka wanaijua bila kusimuliwa. Ni habari ya nyota wa zamani aliyeujaza uwanja, kisha akaonekana mtaani hana nauli. Uzeeni Beryl aliishi kwenye nyumba ndogo ndani ya eneo la uwanja wa Ngong, makazi aliyopewa na klabu ya mbio. Alikuwa na sauti za kwato kila asubuhi lakini senti za kuhesabu.

Kilichomwinua ni kitabu. Mmarekani mmoja alikisoma, akashangaa kwa nini hakipo madukani, na mwaka 1983 kikachapishwa upya. Kikauzwa sana. Bibi wa miaka 80 akaanza kupokea fedha za kazi aliyoifanya zaidi ya miaka 40 nyuma, na waandishi wakaanza kumtafuta pale uwanjani.

Alifariki Nairobi, Agosti 3, 1986, akiwa na miaka 83. Ulikuwa umebaki mwezi mmoja kutimiza miaka 50 ya safari ya Atlantiki.

Beryl alipata bahati ambayo wengi hawaipati, ya kuandika habari zake mwenyewe zikamrudia akiwa hai. Arap Ruta hakuandika. Tunamjua kwa sababu Beryl alimtaja kwa heshima, ukurasa kwa ukurasa, tangu utoto wa Njoro hadi kwenye ndege. Masaisi wengine wote wa viwanja vile, waliolala zizini na kuamka kabla ya jua ili bingwa awe bingwa, hawakupata wa kuwataja.

Kwenye klabu zetu wapo pia. Mtunza vifaa, mchua misuli, mkata nyasi wa uwanja, kocha wa watoto aliyemgundua straika kwenye kiwanja cha vumbi. Wengi bado wako hai, na mtu akitaka habari zao anaweza kwenda kuwauliza leo.